Risala ya Vijana Watengenezaji wa Filamu wa Nakivale kwa Mwenyekiti wa Jopo la Waamuzi

Mheshimiwa Mama Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa jopo la waamuzi wa shindano la filamu za hali halisi. Waheshimiwa waamuzi mlioambatana naye. Viongozi wa makazi. Wazazi wetu, walimu na vijana wenzetu: tunamshukuru Mungu aliyewafikisha salama. Barabara ya kutoka Kampala kupitia Masaka na Mbarara si fupi, na mngeweza kuzitazama kazi zetu mkiwa mjini. Mmekuja wenyewe hadi Isingiro. Asanteni sana, na karibuni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Nakivale, makazi yetu haya ya wakimbizi wilayani Isingiro, ilianza kupokea wakimbizi mwaka 1958, wakati huo wakiwa Wanyarwanda. Leo tupo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na sokoni Kiswahili ndicho kinachotuuzia na kutununulia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea ndani ya Uganda, na sisi tumechagua kazi hii ya kamera.

Tumeichagua kwa sababu kamera za wageni tumeziona tangu utotoni. Anafika mtu, anampiga picha mtoto asiye na viatu, anaondoka. Mama wa yule mtoto hajui picha ilikwenda wapi wala ilisemewa nini. Jambo hili linatuuma, na ndilo lililotukusanya.

Turuhusu, Mama, tukueleze habari ya filamu moja kati ya zile mtakazozitazama. Imetengenezwa na binti wa kikundi chetu, inahusu foleni ya maji. Madumu ya njano yamepangwa bombani kabla hakujapambazuka, wenyewe bado wamelala, na kila dumu limefungwa kitambaa cha rangi yake mkononi ili lisigombaniwe. Kamera inakaa muda mrefu kwenye vidole vya mama mmoja akikaza fundo la kitambaa chake. Hakuna anayelia katika filamu hiyo, wala hakuna muziki wa kumlazimisha mtazamaji ahuzunike.

Alipomaliza kuihariri, binti huyu alitundika shuka ukutani akawaonyesha akina mama wale wale. Mmoja wao akaomba kiondolewe kipande alichokuwa akigombana na jirani yake, kwa kuwa walikwisha kupatana na watoto wao wanasoma pamoja. Kilikuwa kipande chenye moto kuliko vyote. Akakiondoa.

Mwamuzi asiyejua hayo atasema filamu imepoa katikati. Ndiyo maana ombi letu kubwa leo ni hili: kabla hamjatoa alama, mwulizeni kila mtengenezaji amewapataje watu wake, aliwaeleza nini kabla ya kuwasha kamera, na kama wameiona kazi ilipokamilika. Picha, sauti na mpangilio wa masimulizi vina alama zake. Heshima kwa aliyepigwa picha nayo ipewe alama kwenye karatasi ya waamuzi, isiachwe kuwa jambo la mazungumzo wakati wa chai.

Hatuombi kuhurumiwa. Mada nzito haisamehi sauti mbovu, na haisamehi uongo hata kidogo. Ipo filamu inayohusu mgao wa chakula, tangu mwaka 2023 kaya zilipopangwa katika makundi matatu na kundi moja likaondolewa kwenye mgao. Aliyeitengeneza anaishi katika kaya iliyoondolewa. Ana uchungu wake na ana haki nao, lakini mkiona amemnyima mtu mwingine nafasi ya kujibu, mwambieni waziwazi. Tunataka kupimwa kwa kipimo kile kile mnachowapimia wenzetu wa Kampala wanaopeleka kazi zao kwenye Tamasha la Filamu la Uganda, lililoanza mwaka 2013.

Tunaomba pia kiti kimoja katika jopo kipewe mtu anayeishi yale yanayosimuliwa. Si lazima awe amesomea filamu. Mvuvi wa Ziwa Nakivale akitazama filamu ya wavu wenye matundu madogo na mafunjo yanayofyekwa, ataona kilichofichwa mapema kuliko mtaalamu yeyote, na majadiliano yenu yatanufaika.

Yapo mengine tunayoyataja kwa ufupi. Mwamuzi mwenye undugu na mshiriki, au aliyemfundisha, au aliyemfadhili, atamke na akae pembeni kazi hiyo inapojadiliwa. Kila filamu itazamwe hadi mwisho. Na anayekosa tuzo aandikiwe walau mistari michache ya kumweleza alipopungukiwa, kwa sababu wengi wetu tunahariri kwenye kompyuta za kuazima, umeme wa jua ukiruhusu, na hatuna mwalimu wa kutuonyesha kosa.

Mwisho, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba filamu zote, zilizoshinda na zilizokosa, zionyeshwe kwanza hapa makazini, eneo la Base Camp, kabla hazijapelekwa kwingine. Uwanja upo, shuka zipo, na akina mama wa bombani wamekwisha kuuliza ni siku gani.

Tunaomba kuwasilisha.

Sisi vijana wenu,
Kikundi cha watengenezaji wa filamu, Nakivale