Kwenu mwaka wa kwanza mnaoiogopa semina: barua ya wazi

Wanangu,

Hamjambo. Makundi ya semina yameshabandikwa ubaoni, na baadhi yenu mmeanza kuhesabu siku. Nawaandikia nyinyi ambao mkisikia "wewe utawasilisha Alhamisi" tumbo linavuruga, usingizi unaruka, na mnaanza kutafuta ugonjwa wa kuombea ruhusa.

Tangu shule ya msingi mmeambiwa "jiamini". Wengine mmefundishwa kusimama mbele ya kioo kila asubuhi na kusema "mimi naweza, mimi ni bora". Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waligundua kwamba watu wanaojidharau wakirudiarudia sentensi ya kujisifu, hujisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wa aina hiyo ambao hawakuirudia. Moyo unajibu palepale: muongo. Fikra njema inayosaidia ni ile yenye ushahidi, na ushahidi hutafutwa kwa kujaribu. Huo ndio msingi wa tiba ya fikra na tabia, ambayo Aaron Beck aliianza Marekani miaka ya 1960.

Anzeni na daftari. Kabla ya jambo unaloliogopa, andika unatabiri nini, kwa namna ambayo mtu mwingine angeweza kukihakiki. "Nitaaibika" haipimiki. "Nikiuliza swali sauti itakatika, na zaidi ya nusu ya darasa watacheka" inapimika. Pembeni andika unaamini kwa kiasi gani, tuseme 80 kwa 100. Uliza swali lako. Ukirudi bwenini andika kilichotokea: wangapi walicheka, kwa muda gani, mhadhiri alijibu nini. Kisha pima upya imani yako. Ikishuka kutoka 80 hadi 60, hapo kuna kazi imefanyika.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hukwama. Mnaweza kuwasilisha mara kumi na woga usipungue hata kidogo, kwa sababu mnaingia darasani na kinga zenu. Mmoja anavaa sweta katika joto la Dar es Salaam ili jasho lisionekane, na sweta hilohilo ndilo linalomtoa jasho. Mwingine anaikamata karatasi kwa nguvu ili mkono usitetemeke. Misuli ikikazwa hivyo hutetemeka zaidi. Yupo anayekariri kila sentensi, likimponyoka neno moja mlolongo wote unakatika. Yupo anayesoma slaidi mbio bila kuinua macho, na wenzake wanadhani anawadharau. Kinga inaleta kile kile ulichokikimbia. Mambo yakienda salama, sifa inakwenda kwa sweta, na wewe hujifunzi kwamba ungeweza bila hilo.

Kinga kubwa kuliko zote ni kujichungulia: unazungumza huku umegeukia ndani, unasikiliza mapigo ya moyo, unapima uso umeiva kiasi gani. Mwaka 1995 David Clark na Adrian Wells wa Uingereza walieleza kwamba mwenye woga huu hutengeneza picha yake kutokana na anavyojisikia, kisha akaamini ndivyo watu wanavyomwona.

Jaribuni hivi, mkiwa watatu au wanne chumbani. Zungumza dakika 3 ukiwa na kinga zako zote, ukijichungulia. Kisha zungumza dakika 3 nyingine umeziacha, macho kwa wasikilizaji, akili kwenye jambo unalolieleza. Mmoja arekodi mara zote mbili kwa simu. Kabla ya kutazama, fumba macho ujipigie picha, kisha uyafumbue na uandike unavyodhani utaonekana: kutetemeka 9 kwa 10, jasho 8. Kisha tazama kama unamtazama mtu usiyemjua, na uweke alama kwa unachokiona tu. Mara nyingi alama huporomoka, na mara ya pili huonekana bora kuliko ya kwanza.

Kuhusu Kiingereza sitawadanganya. Wengi wenu mlisoma msingi kwa Kiswahili, na wapo wanaocheka mwenzao akikosea. Kwa hiyo jaribio lenu lisiwe la kutokosea. Kosea makusudi: nyamaza sekunde 5 katikati ya maelezo, au sema wazi kwamba neno limekupotea, kisha endelea. Andika watu walifanya nini baada ya hapo. Wakicheka wawili, angalia kama waliobaki waliacha kusikiliza.

Pangeni ngazi ya mambo mnayoyaogopa, kuanzia 0 hadi 100, na mwanzie kwenye 30 au 40: kumuuliza mkutubi kitabu kilipo, kumfuata mhadhiri baada ya kipindi, kuchangia katika kundi la watu watano, kuuliza swali ukumbini. Kila ngazi irudieni mara kadhaa ndani ya wiki moja. Ukifanya leo ukapumzika wiki mbili, woga unajijenga upya. Ukikimbia katikati, akili inajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa.

Usiku ukianza kurudia kila ulichosema, andika yaliyotokea kweli kwa dakika 10, ufunge daftari. Msimeze vidonge vya moyo vya kuazimana ili kutuliza mapigo. Kwa mwenye pumu vinaweza kubana kifua vibaya. Na pombe ni kinga kama sweta.

Woga ukizidi miezi 6, ukakufanya ukimbie mitihani, unywe ili uweze kukaa na watu au uwaze kufa, usiendelee na daftari peke yako. Nenda ofisi ya ushauri nasaha ya chuo au kliniki ya afya ya akili ya hospitali. Na mawazo ya kufa hayasubiri miadi, mwambie mtu leo. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2013 unapendekeza, kwa woga wa namna hii, hadi vikao 14 vya tiba ya fikra na tabia, kila kimoja dakika 90, kwa takriban miezi 4, kwa hiyo msikate tamaa kikao cha pili.

Nanyi mnaokaa chumba kimoja na wenye woga huu, acheni kuwasemea na kuwaagizia chakula. Mwenzenu akitoka mbele ya darasa, msimwambie "ulikuwa sawa tu". Muulize alitabiri nini na kilitokea nini, umsubiri ajibu.

Mzee wenu