Tunapohamia Teams, swichibodi isitupwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme na wakuu wa ofisi wanaohamishia simu zao kwenye Microsoft Teams, programu ya mikutano na simu inayotumia intaneti. Mimi ni fundi simu hapa Dar es Salaam. Kazi hii nimeianza enzi za kupanchi waya za shaba kwenye krone, kile kibao cha ukutani cha kuunganishia waya za simu, na leo napanga simu kwa kompyuta. Kuhama ni jambo jema na mimi mwenyewe nalipigia debe. Kinachoniuma ni kuona swichibodi nzima, ule mtambo wa ofisi unaounganisha simu za mezani, inang'olewa na kupelekwa kwa wauza vyuma chakavu.

Niliitwa ofisi moja Ilala iliyofanya hivyo. Krone ilikuwa bado iko ukutani na vikaratasi vyake vya mwandiko wa mkono: Masjala, Mhasibu, Jikoni, Getini. Masjala na Mhasibu sasa wanapokea simu kwenye kompyuta. Getini hakuna kompyuta. Kila mgeni akifika, mlinzi anampigia dada wa mapokezi kwa simu yake ya mkononi, kwa vocha aliyonunua kwa mshahara wake. Jambo hili lilinikera, maana lilikuwa na dawa.

Kama swichibodi ina kadi ya E1, ile ya kubeba simu 30 kwa wakati mmoja, katikati yake na Teams panawekwa kifaa tunachokiita SBC. Upande mmoja kinashika swichibodi, upande wa pili kinaongea na Teams kupitia intaneti. Ekstensheni, yaani namba fupi za ndani ya ofisi, zinabaki zilezile. Ukipiga 214, inalia kwenye kompyuta ya mtu wa masjala hata kama yuko safarini Dodoma. Naye akipiga 230, simu ya mezani inalia getini. Mlinzi na mpishi hawahitaji leseni ya Teams, na leseni za simu ni za kulipia kwa kila mtumiaji.

Kazi yenyewe si nyepesi. Teams inataka namba iandikwe kimataifa, ianze na +255 22, wakati swichibodi imezoea tarakimu tatu, kwa hiyo SBC lazima ipangwe kubadilisha namba kwenda na kurudi. Pia inadai cheti cha usalama kutoka taasisi inayotambulika. Ukijitengenezea mwenyewe kinakataliwa. Cheti hicho kina tarehe ya mwisho. Kikiisha, simu kati ya Teams na swichibodi zinagoma ghafla, na watu wanaanza kuilaumu kampuni ya simu. Tarehe hiyo aijue mtu zaidi ya mmoja pale TEHAMA, kwa sababu watu huhama vituo.

Wapo wanaosema intaneti yetu siku hizi iko imara. Tukumbuke Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini. Jumatatu watu waliingia kazini intaneti inasuasua nchi nzima. Ofisi iliyoweka simu zake zote kwenye Teams ilikosa mikutano na ikakosa simu kwa pamoja. Penye swichibodi na laini yake ya E1 kutoka kampuni ya simu, simu za mezani ziliendelea kupiga ndani na nje, kwa kuwa njia yake haipiti baharini.

Umeme nao ukikatika, simu ya zamani inapata nguvu kutoka kwenye swichibodi kwa waya zilezile mbili za maongezi, ilimradi betri za swichibodi ni nzima. Mlinzi akiona moshi saa nane usiku, anainua mkono wa simu na kupiga 114 Zimamoto. Hiyo ndiyo simu ninayoifikiria kila ninapoona kabati la swichibodi linapakiwa kwenye guta.

Ombi langu ni dogo. Kwenye zabuni za kuhamia Teams, kipengele cha kuunganisha swichibodi iliyopo kiwekwe na kipewe bei yake, mkuu aone tofauti kabla ya kuamua. Na siku ya makabidhiano, kabla hati haijasainiwa, mkandarasi achomoe waya wa intaneti na kuzima umeme wa jengo mbele ya mkuu wa ofisi, kisha mlinzi apige simu kutoka getini.

Fundi simu,
Dar es Salaam