Arifa za nakala rudufu zikikatika, tunaanza kukagua wapi?

Mteja akitupigia kusema barua pepe za nakala rudufu hazimfikii tena, hatuanzi na barua pepe. Tunaingia kwenye seva kuangalia faili la mwisho ni la lini na lina ukubwa gani. Kama nakala yenyewe haipo, hiyo ndiyo dharura, na arifa itasubiri.

Ukubwa tunauangalia kwa makini. Skripti nyingi za nakala huandika mysqldump (amri inayotoa data kwenye hifadhidata ya MySQL) kisha gzip (inayoibana data hiyo iwe faili dogo) kwenye mstari mmoja. Nenosiri la hifadhidata likibadilishwa, mysqldump inashindwa, lakini gzip inafunga utupu ule bila kinyongo na kuripoti kwamba mambo ni sawa. Unaletewa arifa ya "imekamilika", ilhali faili lina baiti 20 tu. Kwetu sisi arifa ya uongo ni hatari kuliko kukosa arifa, kwa sababu inakulaza usingizi. Kwa skripti za Bash, tunaweka set -o pipefail juu kabisa, ili kosa la amri ya kwanza lisifichwe na ya pili.

Nakala ikiwa salama, ndipo tunaifuata barua. Cron, programu inayoendesha kazi za seva kwa ratiba, hutuma barua pepe pale tu kazi inapotoa maandishi. Mstari ukiishia na >/dev/null 2>&1, kila kitu kinamezwa, makosa nayo yamo. Tunatazama pia MAILTO, mpangilio wa cron unaotaja anwani ya kupokea barua: ikiachwa tupu, hakuna kinachotumwa. Na kama seva haina programu ya kutuma barua, kwenye logi utakuta "No MTA installed, discarding output", yaani ujumbe ulitupwa palepale.

Kwenye seva yenye Postfix, moja ya programu za kutuma barua, amri ya mailq huonyesha barua zilizokwama kwenye foleni. Ukiona "Connection timed out" zimejipanga, shuku poti 25, mlango ambao seva hutumia kupelekeana barua, kwani watoa huduma wengi wa seva za wingu huifunga ili kuzuia barua taka. Dawa yake ni kupitishia barua kwa mtoa huduma wa barua pepe kwenye poti 587, kwa jina la mtumiaji na nenosiri.

Zikiondoka na bado huzioni, kagua folda ya barua taka. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM (njia za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina la kikoa), na seva inayojitambulisha kama root@localhost haina hata kimoja.

Kwa wateja tunaowahudumia kila mwezi, tunaongeza ulinzi mmoja: skripti ikimaliza salama inaipigia hodi mashine nyingine, nje ya seva hiyo. Hodi isipofika kwa saa iliyopangwa, mashine hiyo ndiyo inayotuamsha. Hapo hata seva ikizimika kabisa, tunajua.

Ukitaka tukukagulie, tutumie mstari wako wa crontab (orodha ya kazi za cron) na matokeo ya mailq. Manenosiri yafute kwanza, tafadhali.