Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Nyuki Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na walezi, wakulima na wafugaji nyuki mliofika, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Una majukumu mengi, nawe umekubali kuja kukaa na wanafunzi wanaozungumzia wadudu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani, kwa pendekezo la Slovenia, nchi alikozaliwa Anton Janša, mwalimu mashuhuri wa ufugaji nyuki wa karne ya 18. Siku inaitwa ya nyuki, ila sisi tunaomba wakumbukwe na wasio na siku yao: vipepeo, nondo, nzi, mbawakawa, ndege aina ya chozi na popo. Hata miongoni mwa nyuki wenyewe, spishi zinazojulikana zinapita 20,000, na wengi wao hawana mzinga wala malkia. Jike huchimba tundu lake ardhini, akaweka chavua, akataga, basi. Nyuki wa mzinga akifa, yupo mwenyewe wa kulalamika. Hawa nani atawasemea?

Klabu yetu ilianza na matuta machache ya maboga nyuma ya madarasa. Ua la boga hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limeshajikunja, halifunguki tena. Ua jike utalijua kwa kijiboga kilicho chini yake. Tuliyafunika maua jike matano kwa chandarua yakiwa bado hayajafunguka, mengine tukayaacha. Vijiboga vya ndani ya chandarua, ambako wadudu hawakufika, viligeuka manjano, vikanyauka, vikadondoka. Vya nje vilinenepa. Baada ya hapo hatukuhitaji kumshawishi mtu yeyote kujiunga na klabu.

Ripoti ya IPBES, jukwaa la kimataifa la masuala ya bayoanuwai, ya mwaka 2016, ilieleza kwamba takribani robo tatu ya aina za mazao ya chakula duniani hutegemea, japo kwa sehemu, wanyama wachavushaji, yaani wanaohamisha chavua kutoka ua hadi ua. Kakao huhudumiwa na vijinzi usivyoviona vizuri kwa macho. Ua la nyanya hunufaika zaidi na nyuki anayeling'ang'ania na kulitetemesha mpaka chavua imwagike, kazi ambayo nyuki wa asali, pamoja na sifa zake zote, haiwezi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumepata pia hasara. Asubuhi moja tulikuta nyuki wametapakaa chini mbele ya mizinga ya klabu, ndimi zimetoka nje. Siku iliyotangulia shamba la jirani lilikuwa limepuliziwa dawa saa nne asubuhi, mimea ikiwa imechanua. Tulikasirika sana. Tulipokwenda kwake, jirani akatuuliza: "Mlinijulisha lini kwamba mna mizinga?" Hatukuwa na jibu.

Mazungumzo yale ndiyo yaliyozaa makubaliano tunayojivunia leo. Wakulima wanaotuzunguka hupulizia jioni, nyuki wakisharudi, wala si wakati wa maua. Hutuma ujumbe siku moja kabla. Kila mmoja ameacha ukanda wa magugu yenye maua pembezoni mwa shamba lake, bila kulima, ili nyuki wa ardhini wapate pa kuchimba. Jirani yule sasa ndiye anayetukumbusha zamu ya kuhesabu wadudu.

Tatizo ni kwamba makubaliano haya ni ya hiari na eneo lake ni dogo, ilhali nyuki wa asali huweza kwenda kilomita 3 au zaidi kutafuta mbochi, maji matamu ya maua. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku viuatilifu vitatu vya neonikotinoidi, kundi la dawa za kuua wadudu zinazodhuru nyuki, katika mashamba ya wazi. Hatua ya namna hiyo haiwezi kuchukuliwa na klabu ya shule. Tunakuomba, kwa nafasi yako, utukutanishe na wauzaji wa viuatilifu na wakulima ambao hatujawafikia. Ombi la pili ni dogo: wanaofyeka kando ya barabara wasubiri maua yamalize.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ratiba inaonyesha utatembelea bustani baada ya chakula cha mchana. Tunaomba ibadilishwe twende sasa hivi, kwa sababu maua ya maboga hayatakusubiri.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Mazingira.