Kwako uliyetoka kwangu na kiatu hakijafungwa

Dada,

Nimekupigia simu inakata. Grupu letu la wasichana wa bweni ulitoka, mimi ukanibloku, kwa hivyo nakuandikia hapa, na wenye watasoma wasome.

Tuanze na ule usiku, maana naskia wewe umeusimulia kwa watu na mimi sijausimulia kwa mtu. Oktoba 17, 2024, Seneti inapigia kura kumng'oa naibu wa rais, Gachagua, mtu wa kwenu, wewe uko kwangu umekunja miguu kwa sofa, rimoti umeikalia, mama kwa kiti chake. Shtaka kwa shtaka, yote 11, na walipomaliza amepatikana na hatia kwa 5, ukasema huyu si yeye anafukuzwa, ni sisi. Nikakwambia hapana bana, yule mtu alisimama hadharani akasema serikali ni kampuni na kuna wenye hisa, sasa maneno yake yamemrudia. Mpaka hapo tulikuwa tunabishana tu venye tumebishana miaka yote, hata chai ilikuwa bado moto. Ukaniuliza, kwani ni yeye pekee amewahi kuongea hivyo kwa hii nchi? Swali zuri, nakubali, na sikuwa na jibu, na badala ya kusema sina jibu nikasema, "Lakini nyinyi ndio mlikuwa mnampigia makofi."

Nyinyi. Hilo neno nimeligeuza mpaka nimechoka nalo. Nilimaanisha nyinyi mliopigia ile tiketi yake kura 2022, na ulipiga, uliniambia wewe mwenyewe ukicheka, na kuna watu wa Ziwa, Wajaluo kama mimi, waliipigia pia. Lakini Kiswahili hakina nyinyi ya chama na nyinyi ya kabila, iko moja tu, mtu anaskia ile anaogopa.

Ndio ukasema, "Wewe ni mkabila. Siku zote nimejua."

Mkabila ningemeza. Tumeitana majina mabaya kuliko hilo. Ni hiyo "siku zote" ilinikwama hapa, na imekwama mpaka leo, kwa sababu siku zote ni pamoja na zile tisa. Na nikasema, kwa sauti, mbele ya mama: "Hata zile siku tisa?"

Najua. Sikupaswa. Usifikiri sijui. Desemba 30, 2007 wakitangaza matokeo ya urais na Kisumu ikaanza kuwaka, duka la babako likaisha usiku mmoja, wewe ukaja kwetu na begi la shule lenye nguo mbili, na baba akatukalisha akasema kuanzia leo huyu ni binamu yenu Akinyi, mtu akigonga mlango yeye ndiye Akinyi. Ulikuwa unalala upande wa ukuta, mimi upande wa mlango. Hatujawahi kulizungumzia hilo kama deni, na mimi nikalitoa siku ya kwanza nilipobanwa kwa mjadala, kama mtu anatoa risiti. Lakini jiulize na wewe, uliniacha na nini kingine cha kujitetea nacho? Ukiambiwa umekosea hesabu unaonyesha hesabu. Ukiambiwa ni mkabila unaonyesha nini?

Hata sheria, ile ya utangamano iliyoletwa 2008 baada ya ile damu yote, faini mpaka milioni moja au jela miaka 3, hata hiyo kabla mtu ahukumiwe korti inauliza: alikusudia kuchochea chuki? Ama mazingira yenyewe yangeichochea? Wewe hukuuliza lolote. Ungeniuliza tu "nyinyi gani?" ningekujibu, na pengine ningejiskia nikijibu.

Na unakumbuka ile intavyuu yako ya kwanza, yule bosi aliyesoma majina mawili akanyamaza, akakuuliza la tatu ni gani, ukamwambia, akafunga faili? Ulinipigia ukiwa stejini unalia na sikukuuliza ushahidi hata kidogo. Huyo ndiye mkabila, dada. Sasa umetuweka sahani moja, mimi na yeye. Siku utakutana na mwingine kama yule utamwita nani, na nani atashtuka?

Miezi minne tu kabla ya huo usiku, Juni, tulikuwa mjini pamoja juu ya Mswada wa Fedha, vijana wanaimba hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi, na wewe ukanishika mkono moshi ulipotuchoma macho ukasema aki tungekuwa hivi tukiwa wadogo. Nililia na si juu ya moshi. Labda ndio maana nimekasirika hivi. Ama labda ni rahisi kuimba ukiwa barabarani, kuliko kwa sofa ikifika wakati mtu wa kwenu ndiye anashushwa na mtu wa kwetu hajaguswa. Sijui ningekuwa vipi ingekuwa kinyume. Pengine ningekuita hivyo hivyo.

Haya, ukasimama. Ukavaa kiatu cha kulia, cha kushoto kile kifungo kikakataa, ukainama pale mlangoni unakipigania, na sisi wawili tunaangalia, TV inaongea peke yake. Ilichukua muda, wacha nikwambie. Ningeinuka nikufungie, mkono ulikuwa tayari, na sikuinuka kwa sababu nilitaka unione nimekasirika. Mama akasema, "Akinyi, kaa chini kwanza, ni usiku." Ukamwangalia, ukatoka na ukanda unaburuta.

Nilidhani ni mimi ulikuwa unanikimbia. Mama anauliza kila Jumapili, "Akinyi amepiga?" na Jumapili iliyopita ndio nimeskia venye anakuita. Miaka yote hiyo, tangu Januari 2008, hajakuita jina lako hata mara moja, na mimi sijawahi kukuuliza kama unalipenda.