Mwanangu, ufa ule usiuzibe kwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Picha zako kumi na saba za nyumba yenu ya zamani zimefika zote, na nimezitazama mpaka macho yakachoka. Nyumba ni nzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu kuanzia hapa nitatafuta kasoro tu, na mama yako unamjua.

Umeniuliza sebule ipakwe rangi gani. Nimecheka peke yangu, maana ndilo swali tuliloanza nalo mimi na baba yako tuliponunua nyumba chakavu, tukiwa na akiba ndogo na kiburi kikubwa. Tulipaka ukuta wa chumbani. Ulipendeza mwezi mmoja, kisha ukatoa malengelenge. Tukakwangua, tukapaka tena. Mara ya tatu fundi mmoja akatushawishi tupige lipu nzito ya saruji juu ya ile ya zamani, akaapa maji hayatapita tena. Kweli, pale hayakupita. Yalipanda nyuma ya lipu mpya, yakatokea juu zaidi, na matofali ya ndani yakawa yanabaki mkononi kama unga. Chanzo chenyewe kilikuwa nje ya ukuta huohuo: mfereji wa bati uliotoboka, na udongo uliorundikana ukutani hadi kuufunika msingi. Tiba yake ilikuwa koleo, kipande cha bati na jioni mbili za kazi. Pesa ya rangi na ya lipu ilishakwenda.

Nyumba za zamani, hasa zilizojengwa kwa chokaa au udongo, kuta zake hunywa maji na kuyatoa. Mvua ikinyesha zinalowa, jua likitoka zinakauka. Saruji ni kaidi kuliko ukuta wenyewe, inauzibia pumzi. Unyevu ukikosa pa kutokea kwenye viungo vya kati ya matofali hutokea kwenye tofali lenyewe, na ukikauka huacha chumvi inayolifukua tofali punje kwa punje. Kwa hiyo kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji, kwangua kidogo katikati ya matofali mawili. Ukikuta kitu cheupe, laini, kinachochubuka kwa ukucha, hiyo ni chokaa, nawe irudishie chokaa: kipimo kimoja kwa vipimo vitatu vya mchanga msafi usio na chumvi. Lowanisha ukuta kwanza, piga tabaka jembamba, liachie siku zake huku ukilinyunyizia maji lisikauke ghafla likapasuka. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, na kazi hiyo haina haraka hata kidogo. Vaa miwani na glavu. Inaunguza, na jicho halina spea.

Kuhusu doa jeusi la bafuni, usibahatishe. Kata plastiki angavu yenye ukubwa wa daftari, ibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, uiache siku mbili. Matone yakijikusanya upande unaokutazama wewe, ni mvuke wa chumbani, na dawa yake ni dirisha linalofunguka. Yakijikusanya nyuma ya plastiki, upande wa ukuta, basi maji yanatoka ukutani, na hapo dirisha halitakusaidia. Doa ni moja, kazi ni mbili tofauti kabisa, na gharama zake hazikaribiani.

Sasa tuje kwenye ufa ule wa juu ya dirisha. Utasikia kila mtu akikwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nakwambia usiuzibe kwanza. Kuziba ufa usioujua ni kumfunga shahidi mdomo. Chukua penseli, na penye kila ncha ya ufa chora mstari mfupi unaoukata, uandike tarehe. Pima upana wake katikati, uandike namba hiyo papo hapo ukutani. Usione aibu, rangi itakuja kufunika. Kisha rudi kila mwezi, mvua zipite na ukavu upite. Ufa usiovuka mistari yako umelala, uzibe kwa amani. Ukiona unatembea, au umezidi milimita 5, au juu ni mpana kuliko chini, weka mwiko chini umwite mhandisi. Hiyo ndiyo ada ambayo sitaki uibanie.

Na ule mti mkubwa ulio hatua chache kutoka dirishani, picha ya tisa, usiukate kwa hasira ukidhani ndio mchawi. Inawezekana kweli mizizi yake inanyonya maji, udongo unasinyaa na msingi unakaa vibaya. Lakini kama udongo wenu ni wa mfinyanzi, mti ukitoweka ghafla udongo hufura, ukausukuma msingi juu. Muulize mhandisi huyohuyo.

Paa ndilo lichukue pesa yako ya kwanza. Panda darini mchana, zima tochi, utulie mpaka macho yazoee giza. Palipotoboka patajionyesha kama nyota. Usishangae doa la dari likiwa mbali na tundu, maana maji huambaa na boriti mpaka yapate pa kudondokea. Tundu lisipoonekana, tafuta kwa mpira wa maji, na hapa ndipo watu wengi hukosea: huanza kumwagia juu kileleni. Ukianza juu, maji yanateremka yanapita kila kiungo, yakivuja ndani hujui yameingilia wapi. Anza chini kabisa, mwagia sehemu moja kwa dakika kadhaa, kisha panda kidogo. Baba yako alikaa darini na ndoo, mimi nikiwa nje na mpira, na tulikuwa tumekubaliana agonge boriti akiona tone. Aligonga. Sikusikia, nikaendelea kupanda. Alishuka amelowa mpaka soksi, hakusema na mimi mpaka usiku, lakini tundu tulilipata: msumari mmoja uliokatika mpira wake. Msumari mmoja!

Ngazi isimike kwa kipimo: kila mita 4 kwenda juu, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Na awepo mtu wa kuishika.

Ukiwa hukohuko juu, dunga mbao kwa bisibisi, hasa ncha zinazoingia ukutani. Mbao nzima hukataa, iliyooza inaiacha bisibisi izame. Ukikuta vijia vya udongo vya mchwa, vunja kipande kimoja tu, urudi baada ya siku chache. Vikiwa vimejengwa upya, wenyewe wapo.

Kuna mawili yananinyima usingizi, kwa sababu mjukuu wangu anatambaa na kila kitu anatia mdomoni. La kwanza ni rangi za zamani, ambazo nyingi zilichanganywa na madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na nyumba yenu ilijengwa kabla ya mwaka huo. Usipige msasa mkavu wala usichome rangi hizo kwa moto. Pakiwa hapajachubuka, paka juu yake uachane nayo. Panapomenyuka, lowanisha, kwangua taratibu ukiwa na barakoa ya vumbi, futa kwa kitambaa kibichi, na mtoto alale kwa bibi yake mwingine mpaka mumalize. La pili ni zile bati za kijivu zenye mawimbi kwenye banda la nyuma. Si chuma zile, na yamkini zina asbesto, madini yenye nyuzinyuzi. Uingereza iliikataza moja kwa moja mwaka 1999, na si kwa mchezo: vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na maradhi yake hujitokeza miaka mingi baadaye. Usizikate, usizitoboe, usizisugue kwa brashi. Zikiwa nzima ziache zilivyo, zikiwa zimevunjika watafute wanaoruhusiwa kuziondoa.

Umeme nao usiuguse. Waya za zamani zilivishwa mpira ambao sasa unapukutika ukiushika, na nyaya za ardhini huenda hazipo kabisa. Lipa fundi mwenye leseni. Kwenye bomba uko huru zaidi, ila kabla hujafungua koki yoyote ujue valvu kuu iko wapi, uijaribu kama inafunga. Mimi niliijua ya kwetu baada ya sebule kujaa.

Kazi zilizobaki ni zako, na ndizo zitakazokuokolea pesa: kubomoa lipu iliyokufa (igonge kwa kifundo cha kidole, iliyoachana na ukuta inalia kama ngoma), kuchimba mfereji nje, kupiga msasa milango. Milango hiyo usiitupe! Mbao zake nyingi ni bora kuliko za kununua leo. Ule unaoburuza usikimbilie kuupiga randa, huenda skrubu za bawaba zimelegea tu. Zitoe, jaza matundu kwa vijiti vya kiberiti na gundi ya mbao, acha ikauke, uzirudishe. Na kama mlango unabana msimu wa mvua, ngoja ukauke kwanza, la sivyo utakuja kuona mwanga pembeni yake mwaka mzima.

Pesa igawe mafungu matano na moja ulifiche hata kwa mwenzio. Nyumba ya zamani italidai. Halafu maliza chumba kimoja chenye mlango unaofunga, mkae humo bila vumbi, kabla hamjafungua kingine. Sisi tulifumua vyumba vyote kwa mpigo, tukala miezi minne tukiwa tumesimama.

Nitakuja mvua zikianza, maana nataka kuiona ikivuja kwa macho yangu. Nitakuja na timazi ya babu yako na ile pima maji yenye ufa kwenye kioo, bado inasema kweli. Kwa sasa nitumie tena picha ya ufa wa dirishani, na safari hii weka rula kando yake.

Mama yako