Kwa Nini Msingi wa Nyumba ya Mlimani Unakula Fedha, na Fedha Hiyo Inakwenda Wapi

Hivi karibuni mteja wetu mmoja, mwalimu anayejenga nyumba ya vyumba vitatu Nyasaka, alitulalamikia mbele ya mafundi kwamba tumempiga kwenye msingi. Alikuwa ameshika makadirio yetu pamoja na ya shemeji yake, aliyejenga Kisesa kwenye kiwanja tambarare kwa ramani ileile iliyonunuliwa mtandaoni, na gharama yetu ya msingi ilizidi ya shemeji kwa zaidi ya theluthi moja. Malalamiko ya namna hii tunayasikia karibu kila mwezi, kwa kuwa sehemu kubwa ya viwanja vinavyouzwa Mwanza kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu viko kwenye miteremko. Tumeona ni haki ya wateja wetu kupata maelezo kamili kwa maandishi, kwa hesabu ambazo kila mmoja anaweza kuzirudia mwenyewe.

Nyumba ya mwalimu ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 9. Kiwanja chake kinashuka sentimita 20 kwa kila mita moja, mteremko ambao kwa Mwanza hakuna anayeushangaa. Ramani aliyokuja nayo ilikuwa imelaza urefu wa nyumba kuelekea bondeni, kwa sababu aliyeichora alikuwa na kiwanja tambarare akilini. Kwa mpangilio huo, kona ya chini ingekuwa mita 2.4 chini ya kona ya juu, na ili sakafu ilingane na ardhi ya upande wa juu tungepaswa kujaza takriban mita za ujazo 130 za kifusi. Tulipoigeuza nyumba ili urefu wake ufuate ubavu wa mlima, tofauti ya kimo ilishuka hadi mita 1.8 na kifusi kikawa mita za ujazo 97. Kisha tuliishusha sakafu hadi katikati ya tofauti hiyo, tukakata sentimita 90 upande wa juu na kujaza sentimita 90 upande wa chini, na kifusi kikabaki mita za ujazo 24 tu, ambazo nyingi zinatokana na udongo uleule uliokatwa hapohapo.

Kazi hii yote ilifanyika kwenye karatasi kabla jembe halijagusa ardhi, na ndiyo kazi ambayo wateja wengi hawataki kuilipia. Wanauliza kwa nini tunatoza ada ya kupima mwinuko wakati ramani tayari wanayo kwenye simu. Upimaji wenyewe unahitaji utulivu zaidi ya mitambo. Tunajaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani na kuhakikisha hakuna povu la hewa lililobaki. Fundi mmoja anashika ncha kwenye kigingi cha juu, mwenzake anashuka na ncha ya pili akiwa na ubao uliochorwa vipimo, na wote wawili wanasubiri maji yatulie kabisa kabla ya kusoma. Tunarudia hivyo kila baada ya mita tatu, kutoka bikoni hadi bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Anayesoma maji yakiwa bado yanacheza anaweza kukosea kwa sentimita kadhaa, na kwenye msingi sentimita 17 ni kozi nzima, yaani mstari mmoja mzima, wa tofali za kulaza.

Hata baada ya kupunguza kifusi, msingi wa mlimani utabaki na gharama ambazo shemeji wa Kisesa hakuwa nazo. Mtaro wa msingi huchimbwa kwa ngazi, kila ngazi ikiwa imelala sawasawa, kwa sababu zege lililomwagwa kwa kufuata mteremko lina tabia ya kutaka kuteleza pamoja na uzito wa nyumba. Kozi za tofali upande wa chini zinaongezeka. Panahitajika mfereji wa kukinga maji ya mvua upande wa juu, na ukuta wa kuzuia udongo pale tulipokata. Mahali ambapo lori halifiki, kila tofali, kila ndoo ya mchanga na kila dumu la maji hupandishwa kichwani na saidia fundi, naye anastahili malipo yake. Mtu anayeijua njia ya kupanda Mabatini au Igogo hatatuuliza kwa nini gharama ya ubebaji imeandikwa peke yake.

Njia ya mkato inayotusikitisha kuliko zote ni ya kifusi. Mteja mmoja wa Buhongwa aliamua kusimamia mwenyewe hatua hiyo ili aokoe fedha ya kushindilia. Alimwaga kifusi chote kwa mara moja, kina cha zaidi ya mita, akakimwagia maji juu, na siku chache baadaye akamwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Nyumba ilipendeza, na vigae viliwekwa. Masika ya kwanza ilipopita, sakafu ya chumba cha upande wa chini ilikuwa imezama kiasi kwamba vidole vinapita kati yake na ukuta. Tulipoitwa tukavunja sehemu ya jamvi, tulichukua nondo ya milimita 12 na kuisukuma kwa mkono kwenye kifusi, nayo ikazama zaidi ya nusu mita bila kugongwa nyundo. Ndani yake mlikuwa na mifuko ya saruji, mizizi na udongo mweusi wa juu, vitu ambavyo huoza au hujaa maji na kunywea. Ilibidi kung'oa vigae, kuondoa kifusi chote, na kurudisha moramu, yaani udongo wa changarawe, kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya linalofuata. Gharama ilizidi kwa mbali kile kilichookolewa mwanzoni, ukiacha miezi ambayo familia ililala sebuleni.

Ya pili ni ukuta wa kuzuia udongo. Wengi hudhani kwamba kazi yake ni sawa na ya ukuta wa uzio, kwa hiyo hupanga tofali za inchi 6 za kusimama na kupiga lipu. Isamilo tuliushuhudia ukuta wa namna hiyo ukiwa umelala kwenye uwanja wa jirani baada ya mvua ya usiku mmoja. Tunamshukuru Mungu hapakuwa na mtu. Ukuta ule haukuwa na tundu hata moja la kutolea maji, na mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima, ambao ulijumlishwa na wa udongo uliokwisha kulowa. Sisi tunajenga kwa mawe ya granaiti, ambayo Mwanza tumejaliwa nayo, kitako kikiwa na upana wa karibu nusu ya kimo. Nyuma yake tunajaza kokoto na kupitisha mabomba madogo kila baada ya mita moja na nusu. Ukuta ukizidi kimo cha mita moja na nusu, hatuujengi bila michoro ya mhandisi, hata mteja akituhakikishia kwamba fundi wa mtaani amekubali.

Kuhusu majabali, si kila jabali linafaa kupasuliwa. Kulichoma moto na kulipasua kwa nyundo huchukua muda na kuni nyingi, na mara nyingi kusogeza nyumba mita mbili kando kunamaliza tatizo. Choo na jiko tunapendelea viwe upande wa chini, ili maji machafu yafike kwenye karo bila bomba kupita chini ya sakafu, ilimradi shimo la kunyonya maji hayo lisikae upande wa juu wa ukuta wa jirani.

Mwalimu tulikaa naye chini ya mwembe wa jirani yake, tukapitia kila mstari wa makadirio, na ujenzi unaendelea. Kwa anayetarajia kujenga, aje ofisini na nakala ya hati au ya ramani ya upimaji, ahakikishe bikoni zinaonekana, na asilipie tofali kabla hatujapima. Wakati mzuri wa kuchimba ni kati ya Juni na Septemba, udongo ukiwa mkavu, kwa hiyo upimaji na maombi ya kibali cha ujenzi yaanze miezi kadhaa kabla. Ada ya upimaji hukatwa kwenye gharama ya ramani ikiwa utachora nasi. Usipochora nasi, karatasi ya vipimo bado ni mali yako, na unaweza kumpelekea fundi yeyote unayemwamini.